Mahakama Inapozuia Matangazo: Haki Yako ya Kupata Habari na Mipaka Yake

Mtazamaji anayengojea makala iliyonadiwa kwa wiki nzima, kisha saa ya kuonyeshwa inapowadia akaambiwa kwamba kuna amri ya mahakama, hujiuliza maswali mawili. Ni nani aliyeiomba amri hiyo? Na kwa nini imemgusa yeye, ambaye hana kesi na mtu yeyote? Katika sura hii tunaeleza namna mahakama za Kenya zinavyoweza kuzuia matangazo ya redio na runinga, mipaka ya uwezo huo, na hatua ambazo msikilizaji au mtazamaji wa kawaida anaweza kuchukua. Jambo kuu tunalotaka msomaji alishike ni kwamba haki ya kupata habari si ya mwenye kituo peke yake. Ni yako pia, na sheria imekupa njia ya kuitetea.

Amri ya zuio ni nini?

Amri ya zuio ni agizo la mahakama linalomkataza mtu au kampuni kutenda jambo fulani. Katika utangazaji, aghalabu hukikataza kituo kurusha makala, mahojiano au picha zilizotajwa katika ombi. Anayeomba huitwa mlalamishi, naye huwasilisha hati ya kiapo akieleza madhara anayoyahofia na sababu za kuamini kwamba yatatokea.

Zuio ni la aina mbili. Zuio la muda hutolewa kabla ya kesi kusikilizwa kikamilifu, ili hali isiharibike huku shauri likiendelea. Zuio la kudumu hutolewa mwishoni, baada ya pande zote kutoa ushahidi na jaji kuamua nani ana haki. Karibu kila mara unaposikia kwamba makala imezuiwa, ni zuio la muda linalozungumziwa. Maana yake ni kwamba bado hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Zuio la muda halithibitishi kwamba habari ni ya uongo, na kukataliwa kwa zuio hakuthibitishi kwamba habari ni ya kweli.

Amri humfunga aliyetajwa ndani yake. Hata hivyo, mtu mwingine anayeijua amri na akasaidia kwa makusudi kuivunja anaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama. Hilo linamhusu pia mtumiaji wa simu anayesambaza video ambayo anajua mahakama imekataza isienezwe.

Haki zinazowekwa kwenye mizani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazungumzia jambo hili katika vifungu kadhaa. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na uhuru huo unajumuisha kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na kinaikataza Serikali kudhibiti au kuingilia kazi ya utangazaji. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, pamoja na habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine iwapo zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki yoyote. Kifungu cha 46, ambacho ndicho msingi wa haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma, kinampa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachokinunua, na haki ya kulindiwa afya na usalama wake.

Kwa upande wa pili, Katiba hiyo hiyo inasema kwamba uhuru wa kujieleza hauhusu propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na kwamba anayeutumia uhuru huo sharti aheshimu haki na sifa za wengine. Kifungu cha 31 kinalinda faragha. Kifungu cha 50 kinalinda haki ya kusikilizwa kwa usawa mbele ya mahakama. Kadhalika, sheria zinazolinda watoto na walioathiriwa na makosa ya kingono zinaweka vizuizi vya kuwatambulisha hadharani.

Wahenga walisema, mgala muue na haki yake mpe. Hata mfanyabiashara ambaye umma unamshuku ana haki ya kutosingiziwa. Kwa hiyo swali analolikabili jaji si kama uhuru wa habari ni muhimu, maana Katiba imekwisha kulijibu hilo. Swali ni kama madhara ya kuruhusu habari leo ni makubwa kuliko madhara ya kuizuia, na kama upungufu wowote utakaotokea unaweza kurekebishwa baadaye.

Jaji hupima nini?

Masharti ya jumla ya kutoa zuio la muda yaliwekwa katika kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Kesi yenyewe haikuhusu utangazaji, lakini masharti yake matatu yanatumika hadi leo. Kwanza, mlalamishi aonyeshe kwamba kwa mtazamo wa awali kesi yake ina msingi na uwezekano wa kufaulu. Pili, aonyeshe kwamba asipopewa zuio atapata hasara ambayo fidia ya fedha haiwezi kuifuta. Tatu, jaji akiwa bado na shaka, apime ni upande gani utakaoumia zaidi.

Katika madai ya kuharibiwa jina, mahakama huongeza tahadhari. Tangu uamuzi wa Bonnard dhidi ya Perryman, uliotolewa Uingereza mwaka 1891, majaji wamekuwa wakisita kuzuia habari kabla haijatoka ikiwa mwenye kuitoa anasema yuko tayari kuthibitisha ukweli wake. Mahakama Kuu ya Kenya ilifuata mwelekeo huo katika kesi ya Micah Cheserem dhidi ya Immediate Media Services mwaka 2000. Ilieleza kwamba masharti ya kesi ya Giella yasomwe pamoja na kanuni maalumu za kesi za kuharibiwa jina, na kwamba uwezo wa kuzuia utumiwe kwa uangalifu mkubwa.

Sababu ya tahadhari hiyo inaeleweka. Aliyeharibiwa jina anaweza kulipwa fidia na kuombwa radhi hadharani. Lakini habari iliyozuiwa haina anayeilipia. Msikilizaji ambaye hakuonywa hawezi kurudishiwa siku aliyopaswa kuonywa.

Hali ni tofauti pale ambapo kinachohofiwa ni kufichuliwa kwa jambo la siri: rekodi za hospitali, jina la mtoto, picha za faragha. Hapo maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna fidia inayoweza kuifanya siri iliyotoka iwe siri tena, na kwa sababu hiyo zuio huwa na uzito zaidi kuliko katika madai ya kuharibiwa jina.

Mfano wa kubuni

Tuchukue mfano ambao haumhusu mtu wala kampuni yoyote halisi. Kituo cha redio kinatangaza kwamba Jumapili kitatoa makala kuhusu kinu kinachosaga mahindi yenye sumu ya kuvu. Ijumaa mwenye kinu anakwenda mahakamani akiomba makala izuiwe. Anaapa kwamba unga wake umepimwa na ni salama, na kwamba makala itamfukuzia wateja.

Jaji atauliza: je, kituo kina vipimo vya maabara? Je, kilimpa mwenye kinu nafasi ya kujibu? Makala ikiwa ya uongo, hasara ya mauzo inaweza kuhesabiwa na kulipwa? Na makala ikiwa ya kweli, familia ngapi zitaendelea kupika ugali wa unga huo wakati kesi ikiendelea?

Umuhimu wa swali hilo la mwisho si wa kubuni. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya kiwango cha sumu ya kuvu. Walaji wengi walipata taarifa hiyo kupitia redio na runinga. Habari ya namna hiyo ikichelewa kwa wiki mbili, mlaji ndiye anayeibeba gharama yake mezani.

Jaji anaweza kukataa zuio kabisa, au akachagua njia ya kati. Anaweza kuagiza sehemu moja tu ya makala iondolewe, kituo kisome majibu ya mwenye kinu hewani, au kesi isikilizwe haraka. Zuio jema huwa jembamba: hukata panapouma na kuacha penye afya.

Zuio hudumu kwa muda gani?

Huenda amri ya kwanza ikatolewa baada ya kusikiliza upande mmoja tu, ikiwa mlalamishi amemshawishi jaji kwamba hakuna wakati wa kungoja. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010, katika Agizo la 40, zimeweka uzio kuzunguka uwezo huo. Amri ya upande mmoja hutolewa mara moja tu, kwa muda usiozidi siku 14, na nyongeza yake nayo hutolewa mara moja tu, isizidi siku 14 nyingine. Aliyepewa amri sharti amfikishie mhusika ndani ya siku 3, la sivyo amri hufa yenyewe.

Hata zuio lililotolewa baada ya pande zote kusikilizwa halidumu milele. Kesi isipoamuliwa ndani ya miezi 12, zuio hukoma, isipokuwa mahakama itoe sababu ya kutosha ya kuliendeleza. Aidha, upande usioridhika unaweza kuiomba mahakama iibadilishe au iiondoe amri. Mahakama pia inaweza kumtaka mlalamishi aweke dhamana, ili upande wa pili ulipwe ikidhihirika kwamba zuio halikustahili.

Kwa anayekaidi, adhabu ni nzito: mali yake inaweza kushikwa, naye anaweza kuzuiliwa gerezani kwa muda usiozidi miezi 6. Ndiyo maana kituo kilichopewa amri hunyamaza kwanza na kubishana mahakamani baadaye. Kunyamaza huko ni utii wa sheria, si ukiri wa kosa.

Si kila kuzimwa ni amri ya mahakama

Hapa ndipo wasikilizaji wengi huchanganyikiwa. Kituo kinaweza kukosekana hewani kwa sababu ya amri ya jaji, kwa agizo la chombo cha Serikali, kwa mgogoro wa leseni, au kwa hitilafu ya mitambo tu. Tofauti kati ya sababu mbili za kwanza ni kubwa. Amri ya jaji hutokana na ombi lililoandikwa, ina namba ya kesi, na inaweza kupingwa mbele ya jaji huyo huyo au kwa rufaa. Agizo la kiutawala huweza kutolewa pasipo kituo wala mtazamaji kusikilizwa. Hata hivyo, nalo linaweza kupingwa mahakamani.

Tarehe 30 Januari 2018, siku ambayo Raila Odinga aliapishwa na wafuasi wake katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi kuwa "rais wa wananchi", matangazo ya Citizen, NTV, KTN News na Inooro yalizimwa. Hapakuwa na amri ya mahakama iliyoagiza hivyo. Serikali ilisema vituo hivyo vilikuwa vikichunguzwa. Tarehe 1 Februari, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitoa amri ya muda ya siku 14 kwamba matangazo yarejeshwe huku kesi ikisubiriwa.

Mambo mawili katika tukio hilo yanamhusu mtumiaji moja kwa moja. La kwanza ni kwamba ombi hilo halikuletwa na mwenye kituo. Lililetwa na Okiya Omtatah, ambaye wakati huo alikuwa mwanaharakati wa haki za raia na baadaye, mwaka 2022, akachaguliwa kuwa Seneta wa Busia. Alikwenda kama raia ambaye haki yake ya kupata habari ilikuwa imeguswa. La pili ni kwamba amri haikutekelezwa papo hapo. NTV na KTN News zilianza kurejea tarehe 5 Februari, na Citizen ikarejea tarehe 8. Amri ya mahakama ina nguvu ya sheria, lakini manufaa yake kwa umma hutegemea kama anayeamriwa ataitii kwa wakati.

Tukio la pili ni la tarehe 25 Juni 2025. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza vituo visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano ya siku hiyo, na baadhi ya vituo vikazimwa. Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda mahakamani, na siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo na kuamuru mawimbi yarejeshwe. Safari hii mahakama ilichukua saa chache badala ya siku.

Ukiyaweka matukio haya karibu na mfano wetu wa kinu, utaona kwamba zuio la mahakama ni kisu chenye makali pande zote mbili. Linaweza kuifunga habari, na linaweza kuifungua. Katika yote mawili jaji huuliza swali lile lile: ni madhara gani ambayo hayataweza kurekebishwa kesho? Tukio linaloonyeshwa moja kwa moja likipita halionyeshwi tena moja kwa moja. Hasara hiyo ya mtazamaji nayo huhesabiwa.

Ufanye nini unapokuta matangazo yamezuiwa?

Kwanza, tafuta kujua chanzo. Kiulize kituo kama kuna amri ya mahakama, namba ya kesi, na tarehe ya kusikilizwa. Maamuzi ya mahakama huchapishwa bila malipo na Kenya Law, na kesi nyingi husikilizwa mahali pa wazi ambapo mwananchi yeyote anaweza kuketi na kusikiliza.

Pili, ikiwa habari unayoihitaji iko mikononi mwa ofisi ya umma, kama vile matokeo ya ukaguzi wa bidhaa, iombe moja kwa moja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi hiyo ijibu ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, unaweza kupeleka malalamishi kwa Tume ya Utawala wa Haki. Zuio dhidi ya kituo cha redio haliigeuzi ripoti ya ukaguzi kuwa siri.

Tatu, ukiamini kwamba haki yako ya kikatiba imekiukwa, unaweza kwenda Mahakama Kuu kwa jina lako mwenyewe, kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kwamba hakuna ada itakayotozwa kwa kuanzisha kesi ya aina hiyo, na kwamba taratibu ziwe nyepesi kiasi kwamba mahakama, inapolazimu, ipokee hata maandishi yasiyo rasmi. Bado ni busara kutafuta ushauri wa wakili au shirika linalotoa msaada wa kisheria, kwa kuwa kesi ikishaanza ina gharama nyingine.

Nne, usisambaze kitu ambacho unajua mahakama imekikataza. Kuipinga amri mahakamani ni haki yako. Kuivunja kwa simu yako kunaweza kukutia matatani wewe, huku mlalamishi akiendelea na kesi yake kama kawaida.

Na ikiwa habari iliyotangazwa inakuhusu wewe?

Huenda wewe ndiwe uliyetajwa vibaya hewani: duka lako limesingiziwa, au picha ya mwanao imeonyeshwa bila idhini. Zuio ni njia mojawapo tu, na mara nyingi si ya haraka wala ya bei nafuu. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kudai kusahihishwa au kufutwa kwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Anza kwa kuandika barua kwa kituo, ukitaja kipindi, tarehe na saa, maneno yenyewe yaliyosemwa, na marekebisho unayoyataka. Weka nakala. Usiporidhika, peleka malalamishi yako kwa Tume ya Malalamishi iliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013.

Ikiwa bado makala haijatoka na unahofia siri ambayo ikitoka haitarudi, hapo usichelewe kumwona wakili, na uwe na ushahidi mkononi. Jaji hazuii habari kwa sababu inamuudhi mtu. Huizuia akionyeshwa, kwa kiapo na kwa vielelezo, dhara mahususi ambalo fidia haiwezi kulitibu.

Tunawashauri watumiaji waiulize kila amri ya zuio maswali manne: nani ameiomba, inakataza nini hasa, inakoma lini, na nani amepata nafasi ya kuipinga. Amri yenye majibu ya wazi kwa maswali hayo ni sehemu ya kawaida ya haki, hata inapotunyima makala tuliyokuwa tukiingojea. Isiyokuwa nayo inastahili kurudishwa mbele ya jaji, na anayeweza kuirudisha huko si mwenye kituo tu.